Freddie Mercury na Unguja: nani anamdai nani?

Kwenye barabara ya Kenyatta, Shangani, kuna nyumba ambayo tangu mwaka 2019 ni makumbusho ya Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza. Watalii hupiga picha mlangoni kabla hata ya kukata tiketi. Papasi, yaani kijana anayejipatia riziki kwa kuwatembeza watalii, akikuona una sura ya ugeni atakuonyesha nyumba aliyokulia mwimbaji huyo, na papasi wa mtaa wa pili atakuonyesha nyingine kwa uhakika uleule. Wenyeji wengi hupita hapo bila kugeuza shingo. Ukiuliza barazani kama mtu huyu ni wetu, utapata majibu mawili, na kila upande utakushangaa kwa nini unauliza.

Alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa keshia wa serikali ya Waingereza, na mama yake alikuwa Jer. Walikuwa Waparsi wa Gujarati, wafuasi wa Zoroasta, ambao wazee wao walitoka Uajemi karne nyingi zilizopita. (Kwa hilo peke yake asingekuwa mgeni sana: Unguja nani hana babu aliyetoka Shirazi?) Alipofika miaka minane hivi alipelekwa bweni Panchgani, India. Huko ndiko alikojifunza piano, ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie, na ndiko alikopiga na bendi yake ya kwanza, The Hectics. Alirudi nyumbani mwaka 1963, na mwaka uliofuata familia nzima ikahamia Feltham, pembezoni mwa London.

Wanaomkataa huanza na hesabu. Ukijumlisha utoto wake na ule muda mfupi baada ya shule, hata miaka kumi haifiki vizuri. Hakuimba Kiswahili. Hakurudi hata alipokuwa na uwezo wa kukodi ndege yake mwenyewe, na katika mahojiano hakupenda kuulizwa habari za utoto. Kwao, huyo ni Mwingereza aliyezaliwa hospitali ya hapa kwa sababu baba yake alikuwa kazini. Kisha linakuja la dini na mwenendo. Mwaka 2006, ilipopangwa sherehe ya ufukweni ya kuadhimisha miaka 60 tangu kuzaliwa kwake, jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ilipinga vikali, ikisema kumtukuza mtu aliyeishi mapenzi ya jinsia moja ni kuidhalilisha Zanzibar na Uislamu wake. Sherehe ikafutwa. Miaka miwili kabla ya hapo Baraza la Wawakilishi lilikuwa limepitisha sheria ya kuwaadhibu watu wa mapenzi hayo, kwa hiyo Uamsho hawakuwa sauti ya watu wachache nyikani.

Lazima tukiri kuna uaminifu fulani katika kukataa huko. Anayesema "simtaki kwa sababu ya maisha yake" amesema lake waziwazi. Ninayemwelewa kwa shida ni yule anayemuuza kwa mtalii asubuhi, tisheti na safari ya kutembezwa, na jioni anasema huyo hatumjui.

Upande wa pili hoja yao ya kawaida ni kuzaliwa, na kuzaliwa si hoja kubwa. Mimi ninayo nyingine. Unguja ya 1946 ilikuwa mji wa Waarabu, Wangazija, Mabohora, Wagoa, Washirazi, wabara waliotoka Nyamwezi na Zaramo, na Waparsi wachache waliokuwa wakihesabu pesa za serikali. Ukimtoa mtoto wa keshia Mparsi kwa kuwa hakuwa Mzanzibari halisi, huna pa kusimama. Utaendelea kutoa watu mpaka Mji Mkongwe ubaki kuta na popo.

Halafu kuna suala la kuondoka kwake, ambalo pande zote mbili hulipita haraka. Tarehe 12 Januari 1964 Farrokh alikuwa na miaka 17. Mapinduzi yalimwondoa Sultani mwezi mmoja tu baada ya uhuru, na maelfu ya watu, wengi wao Waarabu na wenye asili ya Asia, waliuawa au walikimbia. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo. Wengine waliyaona Mapinduzi kuwa ukombozi wa wengi waliokandamizwa, na walikuwa na sababu zao nzito. Lakini kwa familia ya mtumishi wa serikali ya kikoloni, yalikuwa ni kufunga masanduku na kuondoka. Mtu akihama kwa hiari akaacha kurudi, unaweza kumlaumu kwa kusahau kwao. Aliyeondoka kwa hofu akanyamaza, sijui utamlaumu kwa lipi. Wapo Wazanzibari Muscat, Dubai na London wa rika lake ambao nao hawalizungumzii jambo hilo mezani, na hakuna anayewaambia si wetu.

Sasa tuje kwenye nyimbo, maana hapo wanaompenda huharibu kesi yao wenyewe. Wanasema Unguja imo ndani ya muziki wake, na ushahidi wao mkuu ni neno "Bismillah" katika Bohemian Rhapsody ya 1975. Nimeusikia wimbo huo mara nyingi nikiitafuta hiyo Unguja, na sijaiona. Bismillah imekaa humo pamoja na Galileo, Figaro na Beelzebub, maneno yaliyochaguliwa kwa mlio wake mdomoni. Rasimu zake zilipouzwa mnadani Sotheby's mwaka 2023, ilionekana kwamba aliwahi kufikiria kuuita wimbo huo Mongolian Rhapsody. Mtu anayeweza kuhama kutoka Mongolia hadi Bohemia kwa mstari mmoja wa kalamu hakuwa akikumbuka adhana ya mtaa wa Malindi, Unguja. Wimbo wao Mustapha, wa 1978, una nguvu zaidi, kwa kuwa unaanza kwa mwito wa peke yake unaofanana na wa muadhini, kisha unamwagika maneno yanayosikika kama Kiarabu na hayafikii kuwa Kiarabu. Hivyo ndivyo mtoto asiye Mwislamu anavyobaki na sauti ya mtaa wake masikioni bila maana yake. Lakini Panchgani nako kulikuwa na Waislamu. Na taarabu? Kikundi cha Ikhwani Safaa kilikuwa kikipiga tangu 1905, mwimbaji Siti binti Saad alifariki 1950 Farrokh akiwa bado na miaka mitatu, lakini sijasikia mdundo hata mmoja wa Queen unaonirudisha kwenye kanuni na udi, zile ala za nyuzi za taarabu.

Ninachokisikia ni fundi. Bohemian Rhapsody ina dakika 5 na sekunde 55 na haina kiitikio. Inaanza kwa sauti tupu, inaingia piano na maungamo ya kijana kwa mama yake, inalipuka opera, inageuka roki, kisha inazimika. Ile sehemu ya opera iliimbwa na watu watatu tu, Mercury na wenzake wa Queen Brian May na Roger Taylor, wakirekodi sauti juu ya sauti hadi utepe ukachakaa. Yeye ndiye aliyekuwa na ramani nzima kichwani. Wenzake wamesema mara nyingi kwamba walikuwa wakijaza vipande bila kujua picha itakuwaje. Wimbo ulikaa wiki tisa kileleni Uingereza. Miaka minne baadaye akaandika Crazy Little Thing Called Love akiwa kwenye bafu la hoteli Munich, nyimbo ya gitaa la kawaida kabisa. Somebody to Love aliijenga kwa mtindo wa kwaya za kanisa za Wamarekani Weusi, kwa mapenzi yake kwa Aretha Franklin. Hakuna nyimbo mbili zinazovaa nguo moja. Kama kuna kitu cha uhamisho katika kazi yake, nadhani ni hicho: mtu aliyejifunza mapema kuwa anaweza kuingia chumba chochote akavaa mavazi ya humo vizuri kuliko wenyeji.

Hapa niwaonye mashabiki pia. Queen haikuwa yeye peke yake. We Will Rock You ni ya May, Another One Bites the Dust na I Want to Break Free ni za mpiga besi John Deacon, na Radio Ga Ga ni ya Taylor. Katika nyimbo 17 za mkusanyiko wa 1981 uliovunja rekodi za mauzo Uingereza, kumi ndizo alizoandika Mercury. Kumi kati ya kumi na saba ni nyingi mno, lakini siyo zote.

Ila kama ni kumshitaki, shitaka zito hata halimo katika ubishi wetu. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, ile hoteli ya kamari ya Bophuthatswana, nchi ya bandia iliyoundwa na makaburu, wakati Umoja wa Mataifa ukiwataka wasanii waisuse Afrika Kusini. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na majina yao yakaingia kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya waliovunja mgomo. Utetezi wao ulikuwa kwamba wao si wanasiasa na watazamaji walichanganyika rangi. Koo la Mercury lilimgomea huko hadi baadhi ya maonyesho yakafutwa, na sioni ajabu kama kuna aliyesema ni radhi.

Weka tukio hilo kwenye ramani. Mwaka huohuo, Mazimbu, Morogoro, vijana wa ANC waliokimbia Soweto walikuwa wakisoma katika chuo cha Solomon Mahlangu, kwenye ardhi iliyotolewa na Tanzania. Nchi ambayo Zanzibar ni sehemu yake ilikuwa ikigharimia mapambano hayo, na mtu aliyezaliwa ndani ya mipaka yake alikuwa akiwaimbia matajiri kasino. Mtu anayeipima heshima ya Kiafrika ana jambo la kuanzia hapo. Mwaka 2006 kilichojadiliwa ni kitanda chake.

Miezi tisa baada ya Sun City, tarehe 13 Julai 1985, alipanda jukwaa la Wembley kwenye Live Aid, tamasha la kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Alipewa takriban dakika 20 mbele ya watu elfu sabini na mbili, akazimaliza akiwa mshindi wa siku. Mwito wake wa sauti tu, yeye anaimba na uwanja mzima unamjibu, ndio utakaokumbukwa. Wapo wanaosema hiyo ilifuta ile. Mimi sioni kwamba dakika 20 nzuri zinafuta kitu. Ziliirudisha bendi kwenye chati, na Sun City ikabaki pale ilipokuwa.

Lipo pia la ugonjwa wake. Alijulishwa kuwa ana virusi vya UKIMWI mwaka 1987, akaficha. Tangazo alilitoa tarehe 23 Novemba 1991. Kesho yake akafariki, akiwa na miaka 45. Wanaomlaumu wanasema angesema mapema, angewasaidia wengi. Na mfano tunao jirani: Philly Lutaaya, mwimbaji wa Uganda aliyekuwa akiishi Sweden, alirudi kwao mwaka 1989, akasema hadharani kuwa anao, akapita mashuleni akionyesha mwili wake unaokwisha, na akafa Desemba mwaka huohuo. Kati ya waimbaji hawa wawili, Lutaaya ndiye aliyekuwa jasiri, na sioni haja ya kulizunguka hilo. Lakini Lutaaya alikuwa na watu wake wa kuwarudia. Mercury alikuwa na magazeti ya udaku yaliyopiga kambi mlangoni kwake Kensington, na wazazi waumini ambao hakuwahi kukaa nao chini akayasema ya maisha yake. Alichofanya ni kuendelea kurekodi, akiimba kwa nguvu iliyobaki hadi miezi ya mwisho. Baada ya kifo chake ukaanzishwa mfuko wa Mercury Phoenix Trust, ambao pesa zake zimefika hadi miradi ya UKIMWI hapa Afrika.

Mimi, ningepewa ukuta mmoja katika nyumba ile ya Shangani, ningeweka picha mbili: moja ya bandari mwaka 1964, na nyingine ya bango la Sun City. Mtalii angenuna, na msimamizi pengine angenifukuza. Lakini Mzanzibari anayepita bila kugeuza shingo angekuwa na la kubishana nalo.

Mazishi yake yaliongozwa na makuhani wa Kizoroasta, kwa dini ya wazee wake, kisha mwili ukachomwa. Majivu alikabidhiwa Mary Austin, rafiki yake wa tangu ujana, ambaye hajasema alikoyazika. Kwa hiyo si Feltham, si Gujarati, wala si Unguja iliyo na kaburi la kugombania. Kuna nyumba tu, na zenyewe zaidi ya moja.