Sangara wa Mwanza na ndege za jirani

Kila bajeti ya uchukuzi inapokaribia, Mwanza hurudia lalamiko lile lile: inakuwaje minofu ya sangara ichakatwe hapa, ipakiwe kwenye lori la friji, ivuke mpaka Sirari au Mutukula, halafu ipandie ndege Nairobi au Entebbe? Uwanja upo Ilemela, ukingoni mwa ziwa, na barabara yake ya kurukia inazidi mita 3,000. Wenye viwanda wameshaitwa kila jina; "hawana uzalendo" ndilo la upole.

Lalamiko lina mashiko. Lori likivuka mpaka, ada za kuhudumia mzigo na vibarua vya upakiaji vinavuka nalo. Minofu mibichi haigandishwi. Hukaa kwenye maboksi ya barafu, karibu na nyuzi sifuri, na kila saa ya foleni mpakani inamkata muuzaji wa Ulaya muda wa kuiuza. Tena Mwanza imewahi kuiweza kazi hii: miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndege za Ilyushin-76 zilitua hapa kuchukua samaki. Moja ilianguka ziwani Machi 2005 mara baada ya kuruka, ikaua wote wanane waliokuwamo.

Wanaozikumbuka enzi hizo wanasahau kuwa hata sangara walikuwa wa enzi hizo. Leo wamepungua, na viwanda vinahangaika kupata mzigo wa kutosha.

Chukua ndege ya mizigo ya Air Tanzania, Boeing 767-300F iliyopokewa Juni 2023. Inabeba tani 54. Ukiisikia harakaharaka utasema ni malori machache tu. Haya, yakusanye. Tani 54 za minofu mibichi zifike uwanjani kwa wakati mmoja, kutoka viwanda vinavyogombea samaki wale wale, na zote ziwe zinakwenda mji mmoja. Mchakataji hauzi hivyo. Ana tani mbili za Madrid, tatu za Amsterdam, na wateja wanaotaka mzigo mara kadhaa kwa wiki, si shehena moja kubwa ya Alhamisi. Nairobi na Entebbe anapata nafasi tumboni mwa ndege za abiria, ambako nauli za walioketi juu zimeshalipia sehemu kubwa ya mafuta. Mwanza, ndege ya mizigo ingekuja tupu au karibu tupu, na gharama ya kuja ingebebwa na samaki. Kwa bei hiyo mteja wa Madrid hahitaji kufikiri mara mbili. Atanunua samaki wa kwingine.

(Wanaosingizia mwinuko, kwamba Mwanza iko juu mno kwa ndege iliyosheheni, tusiwasikilize. Entebbe iko karibu usawa ule ule na Mwanza, na Nairobi iko juu zaidi.)

Kuna jambo ambalo halisemwi sana. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 tulishangilia, na haki yetu, maana foleni ya kivuko ilikuwa mateso. Lakini barabara hiyo hiyo ndiyo inayoelekea Mutukula. Tumemrahisishia dereva wa lori la friji safari ya Entebbe, kisha tunamlaumu kwa kwenda.

Vyumba vya ubaridi uwanjani vinahitajika, sibishani. Ila vikijengwa peke yake vitahifadhi hewa baridi. Kinachokosekana ni ndege kubwa ya abiria inayotua hapa kutoka nje kwa ratiba ya kudumu, na abiria wa kuijaza hawako mbali: lango la Ndabaka la Serengeti linafikika kwa gari kutoka Mwanza kwa muda mfupi kuliko mtalii anaoutumia kutoka Arusha. Kwa hiyo jengo la abiria, ambalo huko mialoni wengi huliona ni la wenye masanduku ya magurudumu, lina faida kwa sangara kuliko inavyodhaniwa, mradi uhamiaji na forodha wawemo kila siku, si kwa kuitwa. Hadi ndege hiyo ianze kutua, mwenye kiwanda anayepeleka lori Sirari anafanya hesabu ambayo yeyote kati yetu angeifanya.