Ukizuia skrini isijichore, hakikisha inarudi

Fomu ya Microsoft Access (programu ya kutengeneza hifadhidata) inayorukaruka mbele ya keshia wakati msimbo unapitia bidhaa zote za stoo ni kazi mbovu. Kila rekodi inapobadilika, Access hujaribu kuchora upya kinachoonekana, na uchoraji huo unakula muda. Kwa hiyo naunga mkono kabisa kuusimamisha kwa muda. Ninachopinga ni mtindo ninaoukuta kwenye programu nyingi ninazoitwa kurekebisha hapa Dar es Salaam: Application.Echo False (amri ya kuzima uchoraji wa skrini) juu kabisa, Application.Echo True (ya kuuwasha tena) chini kabisa, basi.

Kosa likitokea katikati, labda rekodi imeshikiliwa na mtumiaji mwingine, msimbo haufiki chini. Na Echo haihusu fomu moja, inahusu dirisha zima la Access. Ikizimwa ndani ya VBA, lugha ya kuandikia msimbo wa Access, hubaki imezimwa mpaka msimbo uiwashe. Hata Ctrl+Break, vitufe vya kukatiza msimbo, haisaidii. (Makro, yaani orodha ya vitendo vya Access isiyoandikwa kwa VBA, ina nafuu, maana ikimalizika Access huiwasha yenyewe.) Sasa mfikirie keshia wa duka la jumla Kariakoo, wateja wamejaa kaunta. Ujumbe wa kosa umetokea, ameufunga, na nyuma yake kila kitu kimeganda. Hatasubiri fundi. Atashikilia kitufe cha umeme mpaka kompyuta izime, na faili la hifadhidata linaweza kuharibika papo hapo.

Kama unashughulikia fomu moja, tumia Me.Painting = False. Hiyo inagusa fomu hiyo tu, tena Access huirudisha kuwa True yenyewe fomu inapopata au kupoteza fokasi, yaani mtumiaji anapoingia au kutoka kwenye fomu hiyo. Echo ibaki kwa kazi zinazofungua na kufunga fomu kadhaa, na isiandikwe kamwe bila On Error GoTo (amri ya kunasa makosa) inayopeleka njia zote za kutokea, ya heri na ya shari, kwenye mstari mmoja unaoiwasha. Echo hupokea pia maneno ya kuonyesha kwenye upau wa hali chini ya dirisha. Yaandike, na yawe ya Kiswahili: "Subiri, stoo inahesabiwa." Keshia akiyaona ana sababu ya kungoja.

Wapo wanaozima skrini ili kuficha msimbo mzito. Hilo silikubali hata kidogo. Kitanzi kinachosasisha rekodi mojamoja mara nyingi kinaweza kubadilishwa na amri moja ya UPDATE inayobadilisha rekodi zote kwa pamoja, kisha fomu ikafanyiwa Requery (kusomewa data upya) mara moja mwishoni, na haja ya kuizima skrini ikaondoka kabisa.