Mtoto wa Kifulani, ubao wake na lugha ya mama

Katika nyanda za juu za Fuuta Jaloo, nchini Guinea, chuo cha Kurani huitwa dudal. Neno hilohilo ndilo jina la moto wa kuni ambao watoto huuzunguka alfajiri na baada ya magharibi, kila mmoja na ubao wake mkononi. Mtoto huandikiwa aya kwa wino, akaisoma kwa sauti mpaka imkae kichwani, kisha ubao ukaoshwa na aya nyingine ikaandikwa. Anayepita njiani husikia sauti nyingi zikipishana, kila moja imefika mahali pake. Lugha inayosomwa ni Kiarabu. Lugha ambayo ustadhi humkemea nayo aliyesinzia ni Kipular, yaani Kifulani cha Fuuta Jaloo.

Humo mwote mna mjadala ambao Wafulani, au Fulbe kama wanavyojiita, wamekuwa nao kwa vizazi, kuanzia Senegal hadi Sudan. Mtoto aanze na dini kwa Kiarabu, au aanze kusoma kwa lugha aliyonyonyeshwa nayo? Serikali zimeongeza mdai wa tatu: Kifaransa au Kiingereza, lugha za mitihani na vyeti.

Nianze na wazazi, maana mara nyingi huzungumziwa bila kusikilizwa. Mzazi anayempeleka mwanawe dudal hajakataa elimu. Ameichagua. Swala haiswaliwi ila kwa Kiarabu, na mtoto asiyejua Fatiha ana upungufu ambao hakuna cheti kinachoweza kuuziba. Kwa mfugaji anayehama na ng'ombe kuna jambo jingine: ustadhi anaweza kuhama na kambi, akafundisha chini ya mti wowote, ilhali shule ya serikali imejengwa kwa saruji na kengele yake hailijui jua wala malisho. Shule hiyo pia ilikuja na mkoloni, na watu hawajasahau.

Lakini upande wa pili una hoja ambayo siwezi kuipuuza, kwa sababu imenipata mwenyewe. Nilihitimu msahafu nikiwa na miaka 10, nikapikiwa pilau, nikavishwa kanzu mpya. Siku ile sikujua maana ya sura niliyokuwa nikiisoma kila usiku kabla ya kulala. Katika Fuuta Jaloo masomo yana madaraja: jangugol, kusoma, windugol, kuandika, kisha firugol, ambapo Kurani hufafanuliwa neno kwa neno kwa Kipular. Basi lugha ya mama imo katika mfumo wenyewe, tena imo kwenye daraja la heshima kubwa. Tatizo ni kwamba imewekwa juu sana. Mtoto anayetolewa chuoni mapema kwenda kuchunga au kulima huondoka na sauti bila maana.

Wanaodai kwamba kufundisha dini kwa Kifulani ni jambo la wageni wanasahau historia yao. Mwanachuoni Tierno Muhammadu Samba Mombeya, wa Fuuta Jaloo ya karne ya 19, alitunga utenzi wa elimu ya dini uitwao Oogirde Malal kwa Kipular, akaeleza wazi kwa nini: mtu huelewa kwa wepesi anapoelezwa kwa lugha yake. Huko Sokoto, kaskazini mwa Nigeria ya leo, Nana Asma'u, binti wa Usman dan Fodio, mwanachuoni aliyeasisi dola ya Kiislamu ya Sokoto, aliandika kwa Kifulfulde (Kifulani cha huko), Kihausa na Kiarabu, akawaandaa walimu wa kike wakawafundishe wanawake majumbani. Hakuna awezaye kusema hao walikuwa wazembe katika dini. Hata kwetu pwani, Sheikh Abdullah Saleh Farsy alipochapisha tafsiri yake kamili ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1969, hakuna aliyeacha kusoma kwa Kiarabu kwa sababu yake.

Mombeya na Nana Asma'u waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu, maandishi yanayoitwa Ajami, na hapo ndipo ugumu unapoanza. Jina Pular lenyewe linaanza na P, na Kiarabu hakina P. Neno la ulimi na lugha, ɗemngal, linaanza na sauti ambayo Kiarabu hakina herufi yake. Anayezijua nyaraka za kale za Kiswahili ataelewa, maana ba moja ilibeba b, p na mb, na msomaji akabahatisha. Mkutano wa UNESCO wa Bamako mwaka 1966 ulipendekeza herufi za Kilatini zenye alama za ziada, na hizo ndizo zilizoingia kwenye vitabu vya serikali. Kisha mwaka 1989, katika mji wa Nzérékoré nchini Guinea, ndugu wawili, Ibrahima na Abdoulaye Barry, mmoja wa miaka 14 na mwingine 10, walibuni herufi mpya kabisa, zinazoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Zinaitwa Adlam, na tangu 2016 zimo katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi zinazotambuliwa na kompyuta na simu, kwa hiyo zinaandikika kwenye simu. Ni kazi ninayoistahi mno. Ila sasa lugha moja ina maandishi matatu, na kitabu kilichochapwa kwa moja hakimfai aliyefundishwa jingine.

Serikali nazo zimejaribu. Guinea ya Sékou Touré, rais wake wa kwanza, ilifundisha shule za msingi kwa lugha za taifa, Kipular ikiwemo, kuanzia 1968 hadi alipofariki mwaka 1984, kisha Kifaransa kikarudishwa mara moja. Wapo waliosoma wakati ule ambao hawataki hata kusikia habari hiyo, kwa kuwa walimaliza shule wakakuta ajira zinadai Kifaransa. Malalamiko yao ni ya haki. Nigeria iliunda tume ya elimu ya wahamaji mwaka 1989, ikaleta madarasa ya kuhamishika na masomo ya redio. Lakini sera ya lugha ya mama, kaskazini, mara nyingi imekuwa Kihausa, ambacho kwa Mfulani wa mjini ni lugha ya nyumbani kweli, na kwa mtoto wa kambini ni lugha ya jirani. Novemba 2025 waziri wa elimu, Tunji Alausa, akatangaza kuifuta sera ya 2022 ya lugha za mama, akisema majimbo yaliyoifuata zaidi ndiyo yaliyofeli zaidi mitihani ya taifa. Mitihani hiyo imeandikwa kwa Kiingereza. Kumfundisha mtoto kwa lugha moja na kumpima kwa nyingine, kisha kuilaumu ile ya kwanza, si haki.

Kwa maoni yangu, pa kuanzia ni palepale kwenye moto. Firugol ishushwe hadi mwaka wa kwanza. Siku mtoto anapohifadhi Fatiha, aelezwe Fatiha kwa Kipular, na siku anapojua ba na ta, aandike jina la mama yake kwa herufi hizo hizo, pamoja na zile nukta za ziada ambazo waandishi wa Ajami wameziongeza kwa sauti zao. Jambo hili halihitaji jengo, wala halimtoi mtoto mikononi mwa mwalimu ambaye wazazi wanamwamini. Herufi za Kilatini na Kifaransa vije baadaye, juu ya msingi wa mtoto ambaye tayari anajua kwamba maandishi hubeba maana.

Najua mpango huu una gharama. Anayejua Ajami peke yake hawezi kusoma karatasi ya dawa wala fomu ya uchaguzi, na akikwama njiani atakuwa amekwama upande usio na ajira. Kuna na mwalimu mwenyewe, ambaye mara nyingi hulipwa kwa nafaka na kazi ya shambani ya wanafunzi wake. Huyo hawezi kuongezewa somo juu ya masomo bila mtu wa kumlipa, na mpaka sasa wizara zimekuwa tayari zaidi kumjengea shule mpya mbali na dudal yake kuliko kumpa mshahara palipo na ubao na watoto.