Mpenda chongo anaita kengeza, au anaona kengeza kweli?

Msemo wa mpenda chongo huita kengeza tumeukuta sote, na siku zote tunauelewa kwamba mtu akishapenda anafunika kasoro kwa maneno. Ila angalia vizuri hapo, wahenga wamesema huita, hawakusema huona. Yaani jamaa jicho lake linaona chongo kama sisi wengine, ni mdomo tu ndo unatoa kengeza. Mi hicho kitenzi kimenisumbua muda mrefu, maana watafiti wa ubongo na saikolojia wanabishana juu ya jambo hilohilo kwa zaidi ya miaka 70 sasa: kitu kikishakuzoesha kwamba kinalipa, kinakupa hela au raha, je unakiona tofauti kweli au unakijibia tu tofauti?

Ubishi ulishika moto Marekani mwaka 1947. Bruner na Goodman wa chuo cha Harvard waliwachukua watoto wa miaka 10, wengine wa familia zenye uwezo na wengine wa kimaskini, wakawapa kazi ambayo kuielezea ni rahisi tu: una sarafu mkononi, mbele yako kuna duara la mwanga, unazungusha kitufe mpaka duara lilingane na sarafu. Watoto waliziongeza ukubwa sarafu kuliko vile walivyofanya kwa vipande vya karatasi ngumu vya saizi ileile, na watoto maskini waliziongeza zaidi. Ukisikia hivyo mara ya kwanza inaingia moyoni, mtoto asiye na hela anaiona hela kubwa. Mi nilivyoisoma niliiamini hapohapo, na nadhani wengi waliiamini kwa sababu inauma.

Sasa 1949 wakaja Carter na Schooler wakarudia, na tofauti ya tajiri na maskini haikutokea vizuri pale sarafu ikiwa mbele ya macho, ilijitokeza zaidi mtoto akiambiwa akadirie kwa kukumbuka tu bila kuwa na sarafu. Hapo ndo wapinzani, wale wanaosema malipo hayabadilishi unachokiona, wanapopata nguvu, na kwa haki kabisa, kwa sababu kukumbuka kitu kikubwa sio sawa na kukiona kikubwa. Mwaka 2016 Firestone na Scholl wa Yale wakaandika hoja ndefu wakipitia majaribio mengi ya namna hii wakasema karibu yote yana tundu: ama mtu anabadilisha jibu sio anachoona, ama anakumbuka, ama ameshtukia mtafiti anataka nini akamridhisha, ama amekipa umakini zaidi kitu kimoja. Hili la kumridhisha mtafiti sio la kupuuza hata kidogo, kuna watu walibebeshwa begi zito wakasema kilima ni kikali zaidi, baadaye wengine wakaambiwa begi lina vifaa vya kupimia misuli tu, na ule ukali wa kilima ukapotea.

Lakini kuna kitu ambacho hawa wapinzani mi naona hawajakimaliza. Ukiwekewa picha moja jicho la kulia na nyingine tofauti kabisa jicho la kushoto, huoni mchanganyiko wa zote mbili, unaona moja kwa sekunde kadhaa halafu inapotea inakuja nyingine, zinapokezana zenyewe, na picha zenyewe hazijabadilika hata chembe, kinachobadilika ni kile unachokiona kwa fahamu. Mwaka 2014 Wilbertz na wenzake walitumia njia hii, picha moja ikawa inaambatana na malipo, na ile yenye malipo ikatawala muda mrefu zaidi, yenye adhabu ikapungua. Utasema sawa, ila si mtu anabonyeza tu kitufe cha picha inayolipa? Swali zuri sana. Mwaka uliofuata Marx na Einhäuser hawakutegemea mdomo wala kitufe, walitazama macho yenyewe. Ukikaa dirishani kwenye basi, macho yanaifuata nguzo ya umeme taratibu mpaka inapita, halafu yanaruka kudaka inayofuata, na hufanyi kwa kupanga. Wao waliweka mistari inayokwenda kulia kwa jicho moja na inayokwenda kushoto kwa jingine, kwa hiyo mwendo wa macho ukawa unasema mtu anaona mistari ipi kwa wakati huo. Malipo yakavuta macho kwenye mistari inayolipa. Kwangu hapa huita imeanza kuwa huona.

Inabaki hoja ya umakini, ambayo ndo nzito kuliko zote. Firestone na Scholl wanaona kuhamisha umakini ni karibu sawa na kugeuza shingo, unaona tofauti ndiyo, ila kwa sababu umeangalia kwingine, sio kwa sababu thamani imeingia ndani ya kuona kwenyewe. Na ni kweli malipo kwenye jaribio la mistari yalifanya kazi inayofanana sana na umakini. Ila Marx na Einhäuser walipowapa watu kazi ngumu ya kuushika umakini wao, malipo yaliendelea kuongeza juu yake. Hiyo haifuti hoja yote, inaipunguza.

Tena mi nauliza, huo umakini nani anaugeuza? Ukigeuza shingo mwenyewe umeamua. Mwaka 2011 Anderson na wenzake, Johns Hopkins, waliwazoesha watu kutafuta duara jekundu au la kijani, rangi moja mara nyingi ikilipa senti 5 na nyingine senti 1. Baadaye kazi ikabadilika, wakatafuta umbo, rangi haina maana tena na hailipi chochote, lakini duara la rangi iliyokuwa inalipa vizuri likitokea linawachelewesha, linavuta tu. Mtu hataki, haimsaidii, bado inavuta. Kwa hiyo anayesema ni umakini tu, neno tu hapo silikubali, kwa sababu umakini wenyewe usukani umeshachukuliwa na malipo ya jana.

Wapinzani nawapa haki yao kwa vitu vilivyo wazi. Sarafu iko mkononi, mwanga upo, sidhani njaa inaipanua. Nguvu ya malipo naiona pale picha yenyewe haijitoshelezi. Kaa kibanda umiza siku ya Simba na Yanga, mpira umgonge beki kati ya bega na mkono, benchi moja wameshasimama wanapiga kelele ameshika, benchi la pili wanashangaa wameshika nini, na hiyo ni kabla ya marudio. Wapo wanaosema uongo makusudi, najua, lakini wengi wao wanaapa kabisa na mi naamini wanaapa kwa walichokiona.

Mdogo wangu ameacha kubeti, sasa ni miezi, hana programu kwenye simu na mikeka hataki hata kuisikia. Juzi tunatembea tunaongea mambo ya msiba, tukapita kibanda chenye skrini ya odds, namba za njano kwenye weusi. Sentensi yake ilikatika katikati. Nilikuwa namtazama usoni, macho yaliondoka yakarudi, akaendelea kuongea, na nilipomuuliza ameona nini pale akasema pale wapi.