Kerneli mpya ikiharibu laptopu ya mtumba: turipoti au turudi nyuma?

Jumatatu moja asubuhi mwalimu wa sekondari aliingia kibandani kwangu hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, laptopu kwapani, uso umekunjamana. Wikendi alikuwa amekubali kile kidirisha kinachoomba kusasisha mfumo, na mashine ilipowaka tena Wi-Fi haikuwepo. Si kwamba ilikataa kushika mtandao. Haikuwepo kabisa, hata alama yake pembeni ilikuwa imetoweka. Shuleni walikuwa wanasubiri alama za mtihani mchana huo. "Fundi, mimi sikugusa kitu," akaniambia. Kila fundi ameyasikia maneno hayo, ila safari hii yalikuwa ya kweli.

Niliizima, nikaiwasha huku nagonga Esc mpaka menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha, ikajitokeza, nikaingia kwenye chaguo za ziada, nikateua kerneli iliyotangulia (kerneli ni kiini cha mfumo wa Linux, ndicho kinachoendesha vifaa vyote). Wi-Fi ikarudi. Dakika tano, pamoja na zile za kusalimiana. Mwalimu alilipa, akafunga begi, akasema: "Basi pabaki hapo hapo. Mambo ya mapya usiniletee tena."

Mwalimu alipoondoka, mimi nilibaki na swali ambalo huwa tunabishana sana mafundi. Je, kazi iliishia pale, au mtu alipaswa kuwaambia wanaotengeneza kerneli ya Linux kwamba toleo lao jipya limeua kadi ya Wi-Fi iliyokuwa nzima?

Nianze na hoja ya mwalimu, kwa sababu ndiyo yenye wafuasi wengi na si hoja ya uvivu kama baadhi yetu tunavyopenda kusema. Kerneli hutoa toleo jipya kila baada ya wiki 9 au 10, na toleo moja hubeba mabadiliko zaidi ya 10,000. Ukiwapelekea wenyewe malalamiko, jambo la kwanza watakalokuuliza ni kama umejaribu kerneli yao halisi, isiyotiwa viraka, yaani marekebisho madogo ya msimbo, na wasambazaji kama Ubuntu na Debian wanaotufungashia mfumo, tena ile ya karibuni kabisa. La pili ni kama kerneli yako "imechafuka". Ukipakia draiva (programu inayoendesha kifaa) isiyo huria, kama ile ya kadi za grafiki za NVIDIA, kerneli hujiwekea alama. Ukisoma faili ya /proc/sys/kernel/tainted ukakuta namba isiyo sifuri, uwezekano ni mkubwa kwamba ripoti yako itawekwa kando. Wana sababu: hawawezi kutafuta kosa ndani ya msimbo wasioruhusiwa kuuona. Lakini mtu aliyenunua laptopu ya mtumba hakuchagua kadi iliyomo ndani.

Kisha inakuja kazi yenyewe ya kumtafuta mhalifu. Amri ya git bisect hugawa mabadiliko nusu kwa nusu: unatengeneza kerneli ya katikati, unaiwasha, unasema nzima au mbovu, inakupeleka nusu inayofuata. Kwa hesabu inapendeza. Mabadiliko 14,000 yanamalizwa kwa majaribio kama 14. Ila kila jaribio ni kukompaili kerneli, yaani kugeuza msimbo wake kuwa programu inayowaka, na kwenye mashine ya prosesa yenye viini viwili hiyo ni saa nzima au zaidi. Kabla ya hapo unashusha historia nzima ya msimbo, GB kadhaa, katika nchi ambayo tangu Julai 2021 data ya intaneti inatozwa kodi ya asilimia 12. Umeme ukikatika katikati, betri ya mtumba inakupa dakika ishirini za huruma.

Niliwahi kujaribu, na nikajikwaa mahali ambapo hakuna aliyenionya. Ipo njia ya kupunguza muda wa kukompaili inayoitwa localmodconfig: inatazama moduli (vipande vya kerneli, zikiwemo draiva) zilizopakiwa wakati huo na kuacha nyingine zote. Niliiendesha nikiwa ndani ya kerneli mbovu. Ile draiva ya Wi-Fi haikuwa imepakiwa, kwa hiyo ikaachwa nje, na kila kerneli niliyotengeneza usiku ule ilitoka bila Wi-Fi. Nikawa naandika "mbovu", "mbovu", "mbovu" mpaka alfajiri, na mwisho nikaonyeshwa badiliko la mfumo wa sauti kuwa ndilo lenye kosa. Amri ile huendeshwa ukiwa kwenye kerneli nzima, vifaa vyote vya USB vikiwa vimechomekwa. Nimeandika hivyo kwa kalamu ya wino mzito ukutani.

Na kujaribu kerneli changa kabisa kuna hatari zake. Machi 2021 toleo la majaribio la 5.12-rc1 lilikuwa na kosa kwa wanaotumia faili kama swap, nafasi ya diski inayosaidia kumbukumbu ya mashine: data iliandikwa pasipo mahali pake kwenye diski na kuharibu mfumo wa faili. Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, alilibandika toleo lile jina la kuwakataza watu wasilitumie. Sasa ukimwambia mwalimu mwenye alama za wanafunzi mia mbili ajitolee kujaribu, unamwomba nini hasa?

Pamoja na yote hayo, mimi naegemea upande wa kuripoti, na sababu yangu si ile ya kwamba tunapewa bure basi tulipe fadhila. (Waganda hutaniana kwamba Ubuntu ni neno letu, obuntu, kwa hiyo wao ndio wanaodaiwa.) Sababu ni kwamba hitilafu ya aina hii, kitu kilichofanya kazi jana kikavunjwa na sasisho la leo, ina hadhi ya pekee katika nyumba ile. Inaitwa regresheni. Ukiomba kifaa ambacho hakijawahi kufanya kazi kianze kufanya kazi, unaomba msaada, na yeyote anaweza kukupuuza. Ukionyesha regresheni, unadai. Torvalds ameshikilia kwa miaka mingi kwamba uzuri wa badiliko haulihalalishi kuvunja kilichokuwa kinafanya kazi; likivunja, lirekebishwe au liondolewe. Tangu 2021 Thorsten Leemhuis anaendesha programu iitwayo regzbot inayoziorodhesha regresheni zilizoripotiwa ili zisizame chini ya lundo la barua pepe. Kwa jambo hilo moja, fundi wa Arua anaweza kumsimamisha mhandisi wa kampuni kubwa na kumuuliza.

Dai hilo lina muda wake, na hapo ndipo tunapokosea. Badiliko la wiki iliyopita ni rahisi kulitoa. La mwaka jana limeshajengewa juu yake mengine mengi, na kulitoa ni kubomoa nyumba. Septemba 2022 kerneli 5.19.12 ilifanya skrini za baadhi ya laptopu zenye grafiki za Intel kumetameta, na mhandisi wa Intel akaonya kwamba huenda zikaharibika. Waliotumia walipiga kelele mara moja, na ndani ya siku chache 5.19.13 ikatoka, yale mabadiliko yameondolewa. Linganisha na Ubuntu 17.10 ya mwaka 2017. Draiva moja ya Intel iliharibu BIOS (programu ya kuwashia mashine) za baadhi ya laptopu, nyingi za Lenovo, na ilikuwa Desemba, miezi miwili baada ya toleo kutoka, ndipo Canonical, kampuni ya Ubuntu, walipoliondoa kwa muda kwenye ukurasa wa kupakua.

Kuna jingine linalotuhusu sisi hasa. Wahandisi wanaoandika draiva hutumia mashine za mwaka huu. Laptopu zao za miaka kumi iliyopita wameshaziuza, na tunazo sisi. Ziko Arua, ziko Koboko, ziko kwenye meza za Kampala. Draiva za zamani zikivunjika, wa kwanza kujua ni sisi, na kimya chetu kinahesabiwa kuwa hakuna mtumiaji. Desemba 2012 kerneli iliacha kabisa prosesa ya 386, ile ile ambayo Torvalds aliitumia kuanzisha Linux mwaka 1991. Sikulia, hata mimi sikuwa nayo. Lakini ile ya mwalimu ninayo mbele yangu kila wiki.

Wanaosema "baki na ya zamani" nao wana deni la kujibu. Kerneli ya zamani haipati viraka vya usalama. Kosa lililopewa jina Dirty Pipe, lililotangazwa Machi 2022, lilimwezesha mtumiaji wa kawaida kuandika ndani ya faili asizo na ruhusa ya kuziandika, na lilikuwamo tangu kerneli 5.8. Lilivyogunduliwa ndivyo linavyonivutia zaidi: mteja alilalamika kwamba faili zake za logi (kumbukumbu za matukio) zilizobanwa hazifunguki, mhandisi Max Kellermann akalifunga lalamiko, lakini lilipojirudia miezi kadhaa baadaye akalichimba mpaka mwisho. Kwa laptopu ya mtu mmoja nisingetishika sana. Kwa maabara ya shule ambako wanafunzi arobaini wanaingia kwenye mashine zile zile, kuganda kwenye kerneli ya mwaka juzi ni kuacha mlango wazi. Na hata kuganda kwenyewe hakudumu: siku mtu akiwasha ile mpya kwa bahati mbaya na kuruhusu usafishaji wa vifurushi, ile nzima inaweza kufutwa. Matoleo ya muda mrefu nayo si kimbilio kama zamani, maana mwaka 2023 watunzaji walitangaza kushusha muda wake kutoka miaka 6 hadi 2.

Kwa hiyo mimi hufanya hivi. Kazi ya mtu kwanza: narudisha kerneli ya awali, anaondoka. Kabla hajaondoka nawasha ile mbovu mara moja tu, natoa logi kwa journalctl -k, naihifadhi. Jioni naisoma na kufuta namba za kadi na jina la mashine, kwa sababu ripoti hizi hubaki hadharani milele, na wateja wangu wengine ni maafande. Sikompaili chochote mwanzoni. Ubuntu wanatoa kerneli halisi zilizokwisha kukompailiwa kwa ajili ya majaribio, na Debian wanahifadhi vifurushi vyote vya zamani. Ukijaribu tatu au nne unaweza kusema kosa liliingia kati ya toleo hili na lile. Likiwa limeingia kati ya masasisho mawili madogo yanayofuatana, mabadiliko yaliyobaki ni mia mbili hivi, majaribio 8 badala ya 14. Hapo ndipo naona haki ya kukesha. Kosa likionekana kwenye mashine moja tu, nyingine ya aina ile ile ikiwa salama, naangalia kwanza vumbi na nyaya.

Ripoti naituma kwa barua pepe, tena kwa kompyuta, si kwa simu. Programu ya Gmail ya simu hutuma barua za HTML, si maandishi matupu, na orodha za barua pepe za kerneli huzikataa. Ripoti yangu ya kwanza ilirudishwa hivyo, nikadhani nimefukuzwa.

Ile ya mwalimu niliiandika. Nilipata laptopu nyingine kama yake kwa jirani anayeuza mitumba, nikapunguza mpaka toleo dogo moja, nikatuma. Siku nne kimya. Siku ya tano likaja jibu lenye kiraka cha mistari mitatu, likiniuliza kama naweza kukijaribu kwenye mashine ile ile iliyoonyesha kosa. Ile ya jirani ilikuwa imeshauzwa Ariwara, ng'ambo ya mpaka. Nikampigia mwalimu. Akasema shule inafunga Ijumaa, nije nyumbani kwake Jumamosi, na nije na kerneli yangu kwenye flashi, yake nisiiguse.