Betri ya 9,900 na mizani ya keki

Mzee anayelinda mtaa wetu usiku si mtu wa kulalamika. Masika inamkuta pale kibandani, mbu wanamla, mchango wa ulinzi unachelewa kwa sababu tarehe ikifika nusu ya mtaa "imesafiri", na bado asubuhi ukimpa shikamoo anakuitikia marahaba iliyojaa. Kwa hiyo aliponigongea geti Jumamosi akiwa ameshika ile tochi niliyomnunulia wiki moja nyuma, nikajua kuna jambo.

"Mwanangu," akasema, "tochi yako nzuri sana. Ila inalala kabla yangu."

Anaingia lindoni saa kumi na mbili jioni. Saa mbili na ushei tochi imebaki kimulimuli. Usiku wote uliobaki mzee analinda nyumba zetu kwa masikio.

Kwanza niliona aibu, halafu ikaja hasira, na hasira ndiyo inayoandika leo. Maana betri iliyomo mle niliinunua Kariakoo kwa mkono wangu mwenyewe: lithiamu, 18650, ganda jekundu, imeandikwa kwa wino wa dhahabu 9900mAh, yaani miliampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba. Muuzaji aliniambia, "Bosi wangu, hii utasahau hata chaja umeiweka wapi." Elfu sita tu. Nikalipa nikijiona nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Na mimi ndiye yule mtu wa kwenye familia anayeitwa taa ikigoma kuwaka. Nina mita, nina koleo, nina mdomo. Nimepigwa kama mgeni aliyeshuka kwenye basi leo.

Mke wangu anaoka keki za oda. Ana mizani ya kidijitali ambayo ni marufuku mtu mwingine kuigusa. Nilisubiri atoke, nikaiweka ile betri nyekundu juu yake. Gramu 27. Nikaenda kwenye boksi la makorokoro, nikatoa betri ya umbo lilelile niliyoichomoa kwenye laptop iliyokufa miaka mitatu iliyopita, ganda limechujuka, maandishi hafifu hata hayasomeki vizuri bila miwani. Gramu 46.

Hapo kesi ilikuwa imekwisha, lakini acheni nieleze, kwa sababu najua kuna watu wanaosoma hapa wenye tochi ya namna hiyo chini ya mto.

18650 si jina la ubabe. Ni vipimo: milimita 18 upana, 65 urefu, na sifuri ya mwisho inasema ni ya mviringo. Umbo hilo halibadiliki, kwa hiyo nafasi ya kutia mali ndani haibadiliki. Betri nzima ni karatasi nyembamba za shaba na alumini zilizopakwa dawa, zikaviringishwa kama mkeka, zikatiwa kwenye mkebe wa chuma. Umeme unakaa kwenye ile dawa, na dawa ina uzito. Betri nzima halali ya umbo hilo inakaa kwenye gramu 44 mpaka 50. Viwanda vinavyojulikana, Panasonic, Samsung, LG, vimehangaika miaka na miaka na za kawaida wanazouza zimeishia kwenye 3,400 au 3,500. Gramu 27 maana yake mkeka uliomo ni mfupi, au mle ndani kuna kibetri kidogo kimezungukwa na hewa. Wako waliozipasua wakakuta unga mweupe. Msizipasue, tafadhali, mimi nimeridhika na mizani.

Lile gari la Tesla Model S la kwanza, lenye betri ya kilowati-saa 85, lilibeba chini ya sakafu yake vibetri hivihivi vya 18650 zaidi ya 7,000. Piga hesabu, kila kimoja kinakuja kama 3,300. Sasa kama kweli Kariakoo kuna 9,900 kwa elfu sita, Tesla wangemaliza gari kwa vibetri 2,400 hivi na nafasi iliyobaki wakapakia magunia ya mpunga. Wangekuwa wamepanga foleni Mtaa wa Msimbazi toka alfajiri, wahandisi watupu, wanagombania risiti.

Au tuwakumbuke wale wazee watatu waliopewa Nobel ya Kemia mwaka 2019 kwa kazi ya betri za lithiamu, Whittingham, Yoshino na Goodenough, ambaye siku hiyo alikuwa na miaka 97. Kazi waliianza miaka ya 1970, Sony wakaja kuiingiza sokoni mwaka 1991, na tangu hapo kila asilimia ya nguvu imetafutwa kwa jasho. Halafu anatokea mtu na printa ya stika, anaizidisha mara tatu baada ya chakula cha mchana.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi si watu wa kudanganywa kirahisi. Angalia mtu akinunua mtumba. Anaipindua suruali, anakagua zipu, anavuta mshono, anainusa, anaiinua juani kuona kama kitambaa kimekonda. Ukimwambia ni ya Italia anacheka. Angalia mama akinunua nazi: anaitikisa sikioni. Mwenye duka la nyama akiweka kidole kwenye mizani anaonekana na foleni nzima inaguna. Na lumbesa tumeipigia kelele mpaka bungeni, gunia lenye kilemba, mkulima anauza kingi kwa bei ya kidogo. Sasa hii betri ni lumbesa iliyogeuzwa, unauziwa kidogo kwa jina la kingi, na hatugusi, hatutikisi, hatupimi. Tunasoma namba kubwa, tunatoa hela. Herufi zikiwa za Kizungu na wino ukiwa wa dhahabu, macho yote ya mnadani yanafumba.

Nilirudi dukani. Ndiyo, nilikwenda na mizani ya keki kwenye mkoba, na ndiyo, mke wangu alijua baadaye na tukazungumza sana. Nikaiweka juu ya kioo cha kaunta, nikapima betri yake, nikapima ya kwangu ya laptop. Kijana wa watu akaangalia namba zote mbili bila kupepesa, akasema, "Bosi, hiyo yako ni ya zamani ndiyo maana nzito. Hizi ni teknolojia mpya." Nikamwambia basi simu yangu mpya nayo ingekuwa nyepesi kama karatasi. Akacheka. Akafungua droo, akanitolea nyingine, ya kijani. "Chukua hii basi, hii ni 12,000."

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba yule kijana huenda hajui. Yeye naye kaletewa boksi, kaambiwa hivyohivyo. Nakubali pia kwamba ile betri nyekundu inafanya kazi: kwa anayekwenda chooni usiku na kurudi, inatosha. Na kuna watakaosema betri halali ni ghali. Ni kweli. Lakini hesabu mwenyewe, mzee wangu angehitaji nyekundu ngapi mpaka kuche?

Ushauri wangu utawashangaza. Kama huna hela ya betri mpya ya uhakika kutoka kwa mtu unayemwamini, nunua mtumba. Mafundi wa laptop wanavunja mapakiti kila siku, na mara nyingi kwenye pakiti iliyokufa ni kibetri kimoja au viwili vilivyoharibika, vingine viko hai. Betri iliyotumika ya kiwanda cha kweli, iliyobakiwa na 2,000, inaizika mpya ya uongo. Ila ichague kama unavyochagua suruali. Yenye kutu kichwani, iliyobonyea au iliyochubuka ganda, iache. Mkebe wote ule ni hasi mpaka karibu na kichwa, na ganda likichanika pale juu unakaribisha shoti mfukoni mwako. Yenye chini ya volti 2.5 pale dukani, iache. Ukifika nayo nyumbani ichaji ukiwa umekaa hapohapo, na ikipata moto mkononi, itoe. Ikijaa 4.2, iache mezani wiki mbili, pima tena. Ikiwa imeshuka chini ya 4 bila kufanya kazi yoyote, inavuja kwa ndani. Irudishe kwa fundi na maneno.

Na fundi akikuambia iliyokufa kabisa "ataistua" iamke, mshukuru, ondoka. Lithiamu ikikaa imekauka muda mrefu, ile shaba ya ndani inaanza kuyeyuka, na ukija kuichaji inaganda mahali pasipotakiwa, inajenga daraja la shoti. Hilo daraja linaweza kusubiri hadi umelala.

Mama yangu alikuwa na utaalamu wake wa betri. Zile kubwa za redio zikichoka alizianika juu ya bati, kando ya dagaa, na jioni zilipata nguvu ya kumalizia taarifa ya habari, wakati mwingine na mpira. Alikuwa sahihi, zile kavu zikipata joto zinajikamua kidogo zaidi. Sisi watoto tulizing'ata, meno yetu yameandikwa pale. Ninayemwogopa ni mtu aliyekulia utaalamu huo halafu ana lithiamu. Joto ndilo linaloila lithiamu kuliko kitu chochote, hasa ikiwa imejaa. Kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Posta, kwenye kibanda cha bati, juu ya friji kwa nyuma ambako kunatoka joto: huko ndiko zinakozeeka mwaka mmoja kama mitatu. Usianike. Using'ate pia.

Utaalamu mwingine wa zamani unaotuponza ni wa zile tochi za kuchomeka ukutani, zenye kibetri cha risasi ndani. Zile zilitaka zishibe muda wote, ukiiweka imeisha mwezi mmoja umeiua. Lithiamu haitaki hivyo. Ya dharura, ile ya kukaa kabatini ikisubiri umeme ukatike, iweke na chaji ya nusu au zaidi kidogo, volti 3.7 au 3.8, sehemu ya baridi, uikumbuke kila baada ya miezi michache. Ya kila siku ichaji kabla haijazimika kabisa. Haina kumbukumbu, haihitaji "kuzoeshwa" masaa kumi na mawili siku ya kwanza. Huo ni uzushi wa simu za tochi na antena.

Chaja: inayokata yenyewe kwenye 4.2, basi. Niliwahi kupima moja ya bei ya chee ikawa inasukuma mpaka 4.35 na bado taa yake nyekundu inawaka kwa raha zake. Chaji juu ya sakafu au meza, godoro ni la kulalia. Tochi ya betri mbili kwa foleni, usichanganye nzee na changa, changa itamkaba nzee mpaka chini ya sifuri. Lumeni, yaani kipimo cha mwanga, zilizoandikwa kwenye boksi la tochi ni ndugu wa 9,900, baba mmoja. Ikiisha maisha yake usiitupe kwenye moto wa takataka, funga solotepu kichwani na mkiani, mpelekee fundi anayezikusanya.

Na mizani. Ndogo ya keki si ghali, na hata kama huna, beba betri moja unayoiamini mfukoni kwenye kifuko cha plastiki, ukifika dukani shika moja kila mkono. Mkono wa mtu aliyezoea kupima nyanya utajua.

Nilimfungia mzee ile ya laptop. Kwa kipimo changu imebakiwa na 2,100 hivi, na nikamwonyesha namna ya kuweka mwanga mdogo akiwa amekaa. Usiku wa kwanza niliamka kwa adhana ya alfajiri, nikachungulia dirishani, tochi bado inamulika ukuta wa jirani, nyeupe kabisa.

Asubuhi nikamwuliza anaionaje. Akaitoa ile betri, akaigeuzageuza, akatafuta maandishi.

"Hii ni ya ngapi?"

"Ilipokuwa mpya ilikuwa 2,600, mzee wangu. Sasa imepungua kidogo."

Akaguna. "Na ile ya kwanza ilikuwa elfu tisa mia tisa."

"Ile ilikuwa ya uongo, mzee."

"Sawa, mwanangu," akasema kwa upole wa mtu asiyetaka kumwaibisha kijana aliyefilisika. "Hali ikikukalia vizuri utanirudishia ile ya elfu tisa."