Siku 52 ambazo hatuzifundishi

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya vita vya dunia na kidato cha sita, lazima atokee mmoja wa kujitolea kusimama. Safari hii alikuwa binti wa mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), ana mwandiko mzuri na kumbukumbu ya ajabu. Akazimwaga sababu za kuinuka kwa Unazi Ujerumani bila kumeza mate: Mkataba wa Versailles wa 1919, mdororo wa uchumi wa 1929, udhaifu wa Jamhuri ya Weimar, hofu ya ukomunisti, ufasaha wa Hitler jukwaani, fedha za wenye viwanda. Pointi sita. Darasa likampigia makofi, nami nikapiga, maana alistahili. Kisha nikamuuliza: huyo Hitler aliingiaje ofisini siku ya kwanza?

Akafikiri kidogo. "Alipindua nchi, Mwalimu."

Nikawageukia wenzake. Karibu wote walikubaliana naye. Mmoja akaongeza kwamba alitangaza redioni.

Najua walikoyatoa. Watoto wetu wamekulia katika bara ambalo dikteta huja na vifaru. Wamesikia kwa wazee habari za Idi Amin, tarehe 25 Januari 1971, jeshi mitaani Kampala na askari akisoma tangazo redioni. Kwao udikteta ni tukio la siku moja, lina mlio, na mtu akisikia mlio huo anajua mambo yameharibika. Ndiyo maana makosa yale ya darasani yalinikosesha usingizi. Kijana anayeamini kwamba utawala wa kiimla huja na mlio hatashtushwa na ule unaokuja na karatasi na muhuri.

Hitler hakupindua. Tarehe 30 Januari 1933 aliitwa na Rais Paul von Hindenburg, akala kiapo, akawa kansela, yaani mkuu wa serikali. Chama chake hakikuwa na wingi bungeni. Katika uchaguzi wa Novemba 1932 kilipata asilimia 33 ya kura, pungufu ya 37 kilizopata Julai mwaka huohuo, yaani kilikuwa kinashuka. Waliomshawishi rais, akiwemo kansela wa zamani Franz von Papen, waliamini kwamba watamshika mkono na kumwelekeza wanakotaka wao. Ukimhesabu na yeye mwenyewe, Wanazi katika baraza lile la mawaziri walikuwa watatu tu. Lakini katika hao watatu, Wilhelm Frick alipewa mambo ya ndani, na Hermann Göring akakabidhiwa polisi wa Prussia, jimbo kubwa kuliko mengine yote. Hapo kwenye polisi huwa nasimama kwa muda mrefu.

Kuanzia hapo nafundisha kwa tarehe. Naandika moja ubaoni, tunaizungumza, kisha nyingine. Tarehe 27 Februari jengo la bunge, Reichstag, linaungua usiku. Kijana wa Kiholanzi, Marinus van der Lubbe, anakamatwa humohumo. Kesho yake rais anatia saini amri ya dharura: uhuru wa kusema, wa magazeti na wa kukusanyika unasimamishwa, barua na simu zinaweza kuchunguzwa, mtu anaweza kuwekwa ndani bila mashtaka. Amri hiyo iliitwa ya muda, na ilidumu hadi utawala wenyewe ulipoanguka mwaka 1945. Tarehe 5 Machi uchaguzi unafanyika huku wapinzani wakiwa mahabusu au mafichoni, na hata hivyo Wanazi wanapata asilimia 44 hivi, bado si nusu. Tarehe 22 Machi kambi ya Dachau inafunguliwa karibu na Munich, na magazeti yalikwisha kuitangaza, haikuwa siri. Tarehe 23 Machi wabunge wanakutana katika jumba la opera la Kroll kwa kuwa lao limeungua. Wanamgambo wa chama wamejipanga nje na ndani. Linaletwa azimio la kumpa kansela mamlaka ya kutunga sheria bila bunge. Linahitaji theluthi mbili. Linapita kwa kura 444 dhidi ya 94.

Kura zote hizo 94 zilitoka chama kimoja, Social Democrats. Wakomunisti, waliokuwa wamechaguliwa 81, hawakuruhusiwa hata kuingia. Otto Wels, kiongozi wa Social Democrats, alisimama mbele ya wale wanamgambo na kueleza kwa nini chama chake kinakataa. Hapo naomba darasa linyamaze kidogo, kwa heshima tu.

Kutoka kiapo hadi kura ile ni siku 52. Muhula wetu mmoja wa shule ni mrefu kuliko siku hizo.

Naendelea mpaka tarehe 7 Aprili, na hii ndiyo siku ninayoipa kipindi kizima. Siku hiyo ilitoka sheria ya kuwaondoa Wayahudi na wapinzani wa kisiasa katika utumishi wa umma, walimu wakiwa humo. Kwa ombi la Hindenburg waliachwa kwa muda Wayahudi waliopigana mstari wa mbele katika vita vya 1914 hadi 1918. Halafu nawaambia wanafunzi: wewe ni mwalimu wa jiografia Berlin. Mwalimu wa hesabu, mliyekunywa naye chai jana, hakuja leo, ameondolewa kwa sababu ni Myahudi. Kipindi chake kiko wazi. Mkuu wa shule anakuomba ukishike. Unafanyaje?

Nimeuliza swali hili miaka kadhaa sasa na sijawahi kulichoka, kwa sababu hapo ndipo somo linapoanza kuuma. Kijana mmoja alijibu, "Nitakishika, Mwalimu. Watoto wasikose somo." Alijibu kwa moyo mweupe kabisa. Mwingine akasema atakaa kimya kwa kuwa ana familia. Wa tatu, binti mpole wa nyuma kabisa, akauliza, "Je, yule wa hesabu, kuna aliyeenda kumjulia hali nyumbani?" Swali hilo halimo kwenye notisi zozote nilizowahi kuziona, wala halina alama katika mtihani.

Tarehe 2 Mei ofisi za vyama vya wafanyakazi zinavamiwa. Tarehe 10 Mei vitabu vinachomwa hadharani, na wanaovichoma wengi wao ni wanafunzi wa vyuo vikuu. Nalirudia neno hilo mara mbili kwa wale wanaojiandaa kwenda chuo. Tarehe 14 Julai vyama vingine vyote vinapigwa marufuku. Miezi mitano na nusu tangu kiapo.

Mwenzangu mmoja katika idara, ninayemheshimu sana, huniambia ninawachelewesha. Muhtasari ni mrefu, Mei si mbali, na msahihishaji anatafuta pointi na maelezo yake. Hakosei kuhusu mtihani. Wiki ya mwisho ya mada mimi pia nawapa pointi zao, wanaziandika, tunafanya maswali ya miaka ya nyuma. Siwezi kuwatoa kafara watoto wa watu kwa ajili ya imani yangu. Ninachokataa ni kuanza nazo. Ukianza na pointi, mtoto anaona kwamba Versailles ilizaa mdororo, mdororo ukazaa Hitler, Hitler akazaa vita, kama mvua inavyozaa matope. Hakuna mtu ndani yake. Hakuna aliyetia saini, aliyehesabu kura, aliyeshika kipindi cha mwenzake.

Na liko jambo la lugha, nalo huwa linaniuma. Historia hii tunaifundisha kwa Kiingereza, na mtoto anayejitahidi kusema "utawala wa kiimla" kwa lugha asiyoimudu hushika neno na kuliacha wazo. Swali la mwalimu wa jiografia nilipoliuliza kwa Kiingereza, walijibu wawili. Nilipolirudia kwa Kiswahili darasa lilifurika mikono. Sheria nazijua. Lakini kwa kipindi kile kimoja nitaendelea kuwauliza kwa lugha wanayotumia kuombea na kugombana.

Vita vya kwanza vya dunia navyo tunavifundisha kana kwamba vilipiganwa kwingine na sisi tukaletewa barua ya matokeo. Sarajevo, mji wa Ulaya ulikoanzia mgogoro, tunaikariri, Tanga tunaipita. Mwanzoni mwa Novemba 1914 kikosi cha wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Waingereza, kilishuka Tanga na kushindwa na jeshi la Wajerumani na askari wao Waafrika waliokuwa takriban 1,000. Vita vikaendelea kwenye ardhi hii miaka minne. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuja kusalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Waliobeba vita ile mgongoni, chakula, risasi na majeruhi, walikuwa wapagazi. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja, na wanahistoria wanakadiria kwamba karibu laki moja walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililobaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Wanafunzi wangu wamenunua viatu Kariakoo maisha yao yote.

Mwaka juzi niliwapa kazi ya likizo: kaulizeni nyumbani kama kuna anayekumbuka chochote kuhusu vita ya Mjerumani. Wengi walirudi mikono mitupu. Kijana mmoja wa Dodoma alirudi na neno moja, Mtunya. Ni njaa iliyoipiga Ugogo kuanzia 1917, baada ya majeshi, kwanza la Wajerumani na kisha la Waingereza, kuchukua nafaka, ng'ombe na watu, na mvua nazo zikakataa. Bibi yake alimwambia kwamba mama yake mzazi hakuwa na tarehe ya kuzaliwa. Umri wake ulihesabiwa tangu Mtunya. Kijana alisimama kulieleza hilo na sauti ikamkatika. Sikumwambia aongeze sauti.

Ethiopia nayo ingehitaji makala yake. Mussolini wa Italia aliivamia Oktoba 1935, ndege zake zikamwaga gesi ya sumu, na Haile Selassie akaenda Geneva Juni 1936 kuyaeleza mbele ya Shirikisho la Mataifa. Kwenye notisi jambo hilo zima ni pointi ndogo chini ya udhaifu wa Shirikisho.

Sasa Stalin wa Umoja wa Kisovieti. Huyu kwa kawaida hufika darasani kwetu kupitia mada ya ujamaa: mpango wa miaka mitano wa 1928, viwanda, mashamba ya pamoja. Watoto wanamwona kama mhandisi. Nikiwaambia kwamba kumbukumbu za Wasovieti wenyewe zinaonyesha watu zaidi ya 680,000 walipigwa risasi mwaka 1937 na 1938, na kwamba kila mkoa ulipangiwa idadi ya watu wa kukamata kama unavyopangiwa malengo ya pamba, wanaandika namba hiyo na kufungua ukurasa. Namba ya ukubwa huo haikai moyoni.

Kwa hiyo nikaanza kuwapeleka Tengeru. Ni nje kidogo ya Arusha, kwenye barabara ya Moshi, na ndani ya eneo la chuo cha mifugo kuna makaburi yenye uzio, yametunzwa vizuri. Majina ni ya Kipolandi. Mara ya kwanza wanafunzi walidhani ni walowezi. Nikawasimulia wakiwa wamesimama palepale.

Agosti 1939 Hitler na Stalin waliwekeana mkataba. Septemba Poland ikavamiwa pande mbili, Wajerumani kutoka magharibi na Wasovieti kutoka mashariki. Usiku wa tarehe 10 Februari 1940, kwenye baridi kali, ulianza uhamishaji wa kwanza wa nguvu wa familia za mashariki mwa Poland, wakapakiwa kwenye mabehewa kwenda Siberia na kaskazini mwa Urusi. Wengine walifuata kwenda Kazakhstan. Hitler alipomgeukia Stalin Juni 1941, ndipo Wapolandi wale wakaachiwa, na mwaka 1942 maelfu yao wakavuka kwenda Iran. Kutoka huko wanawake, watoto na wazee wakasafirishwa kwa meli hadi Afrika Mashariki na kwingineko. Masindi na Koja huko Uganda, Ifunda na Kondoa hapa kwetu. Tengeru ilikuwa kambi kubwa kuliko zote hizo, watu wapatao 5,000, wakiishi katika nyumba za msonge zilizoezekwa kwa majani. Walikuwa na shule, kanisa, hospitali na mashamba.

Wanafunzi walitawanyika katikati ya makaburi wakisoma miaka. Binti mmoja alichuchumaa mbele ya kaburi la mtoto, akapiga hesabu kwa vidole, akanyanyuka. Yule mwenye pointi sita, aliyetaja sababu zote bila kumeza mate, alikaa kimya muda mrefu kisha akanifuata.

"Mwalimu, kwa hiyo hawa walimkimbia Stalin?"

"Ndiyo."

"Na Waingereza ndio waliowapokea huku?"

"Ndiyo."

"Lakini wakati huo Stalin na Waingereza si walikuwa upande mmoja?"

"Walikuwa upande mmoja."

Akatazama kaburi, akanitazama mimi. "Na vita ilipoisha, walirudi kwao?"

Nikamweleza kwamba wengi hawakuwa na pa kurudia. Vijiji vyao vilikuwa vimewekwa ndani ya mipaka ya Umoja wa Kisovieti, na Poland iliyobaki ilikuwa chini ya kivuli cha yuleyule waliyemkimbia. Kambi ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, wengi wakahamia Uingereza, Kanada na Australia, wachache wakabaki hapahapa mpaka walipokufa.

Alifungua daftari lake kwenye ule ukurasa wa nchi za upande mmoja na nchi za upande wa pili, uliopigwa mstari katikati kwa rula. Akausoma, kalamu mkononi, na dereva alipopiga honi ya kutuita alikuwa bado hajaandika neno.